Basi Linaposimama Kuchimba Dawa

Mwongozo wa tezi dume kwa mwanaume aliyevuka miaka 45

Aliyewahi kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza anaijua picha hii. Kondakta anatangaza dakika tano za kuchimba dawa. Vijana wanaruka chini, wanamaliza, wanarudi wakitaniana. Mzee mmoja bado amesimama kando ya kichaka, mgongo kaugeuzia barabara, akiusubiri mkojo ambao muda mfupi uliopita ulikuwa unamkimbiza na sasa umegoma. Dereva anapiga honi. Mzee anafunga zipu hajamaliza, anapanda, na gari halijachanganya mwendo haja imeshambana upya.

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana wale. Siku hizi nachagua kiti cha karibu na mlango.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukufikisha kwake mapema, ukiwa na karatasi yenye hesabu za mkojo wako, kabla hujapelekwa usiku kuwekewa mpira wa mkojo.

Tezi ni kitu gani, na kwa nini inasumbua

Kila mwanaume anayo. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo, uzito wake gramu 20 hivi, na hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Shida yake ni mahali ilipokaa: chini kabisa ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo umepita katikati yake.

Umri unavyosonga tezi hukua. Wanaume wapata nusu huwa na tezi iliyokua wanapofika miaka 60, na wakivuka 80 ni karibu 9 kati ya 10. Ikikua kwa ndani inaubana mrija. Kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu, misuli yake inakuwa minene, na baada ya miaka kinakuwa na hasira: kikipata mkojo kidogo tu kinadai. Ndiyo maana mtu yule yule anabanwa ghafla, kisha akifika chooni mkojo hautoki. Ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani.

Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Mwanzoni haizuii mkojo, haiumi, haikuamshi usiku. Soma sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Anayekojoa kwa shida anaweza kuwa hana saratani kabisa, na anayekojoa kama kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa nayo. Dalili za mkojo zikupeleke kutibiwa mkojo. Kinachokupeleka kupima saratani ni umri wako na historia ya ukoo wenu.

Kuna na ugonjwa wa tatu, uambukizo wa tezi, ambao huwapata hata vijana: homa, maumivu chini ya kinena, mkojo unaochoma. Huo ni wa kutibiwa hospitali kwa dawa kamili, si kwa vidonge vinne ulivyogawiwa na jirani.

KISANDUKU: Si kila mkojo ni tezi

- *Kisukari.* Unakojoa mara nyingi na kila mara mwingi, tena una kiu. Pima sukari kabla ya kuilaumu tezi.
- *Presha na miguu kuvimba.* Maji yaliyojikusanya miguuni mchana hurudi kwenye damu ukilala, na figo huyatoa usiku. Baadhi ya vidonge vya presha huvimbisha miguu, na vingine ni vya kukojoza. Usiviache. Muulize daktari kama saa ya kuvimeza inaweza kubadilishwa.
- *Kovu la kisonono cha zamani.* Mrija uliosinyaa hutoa mkondo mwembamba hata kwa mtu wa miaka 35.
- *Kichocho.* Kama umekulia kando ya ziwa, Pwani au Pemba na unakojoa damu, taja hilo mapema.
- *“UTI sugu.”* Mwanaume wa miaka 60 anayetibiwa UTI kila baada ya miezi michache anahitaji kuchunguzwa kwa nini mkojo unabaki ndani. Dawa ya nne kutoka famasi haitamweleza.

Hatua ya kwanza: daftari la siku tatu

Daktari ana dakika chache na wagonjwa wengi. Ukimwambia “nakojoa sana, daktari,” umemwambia kidogo mno. Mpelekee namba.

1. Kata sehemu ya juu ya chupa ya maji. Pima maji kwa kikombe chenye vipimo, uweke alama za mililita 100, 200, 300 na 400 kwa kalamu isiyofutika. Chupa hiyo iwe ya kazi hiyo tu, na nyumbani wote wajue.
2. Kwa siku tatu, kila unapokojoa andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa. Siku ya msiba au ya harusi usiihesabu.
3. Piga mstari ulipolala na ulipoamka. Mkojo wa kwanza wa asubuhi uuhesabu upande wa usiku, maana umekusanyika ukiwa umelala.
4. Jumlisha mchana, usiku, na saa 24 nzima.

Sasa soma. Ukiona kidogo kidogo mchana na usiku, kila mara chini ya mililita 150, shaka iko kwenye kibofu na tezi. Kama wewe ni mtu mzima sana na mkojo wa usiku peke yake unapita theluthi moja ya wote wa saa 24, mwili unatengeneza maji mengi usiku, na chanzo mara nyingi kiko kwingine: moyo, miguu, dawa, au chai ya saa nne usiku. Ukipita lita 3 kwa siku na si mnywaji wa maji kupindukia, kapime sukari.

Halafu jibu maswali saba ambayo madaktari wa mkojo duniani kote huyatumia. Fikiria mwezi uliopita. Ni mara ngapi:

1. ulimaliza kukojoa ukahisi bado mkojo umebaki?
2. ulirudi chooni kabla ya saa mbili kupita?
3. mkojo ulikatika na kuanza tena?
4. ulishindwa kuuvumilia?
5. mkondo ulikuwa dhaifu?
6. ulilazimika kujikamua ili uanze?
7. uliamka usiku kukojoa?

Kwa maswali sita ya kwanza jipe 0 kama haijatokea, 1 kama ni chini ya mara moja kati ya tano, 2 chini ya nusu, 3 kama nusu, 4 zaidi ya nusu, 5 karibu kila mara. Swali la saba andika idadi yenyewe kwa usiku mmoja, mwisho 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za kati, 20 hadi 35 nzito. Kuanzia 8, panga safari ya hospitali hata kama umezoea. Tena muulize mama watoto swali la saba. Sisi tunasema mara mbili. Yeye ndiye anayesikia mlango.

Hatua ya pili: ya kuanza leo hii

*Maji.* Kosa kubwa ni kuacha kunywa. Mkojo mzito hukichokoza kibofu na unakaribisha uambukizo. Kunywa kama kawaida mchana, lita moja na nusu hadi mbili, zaidi kama unafanya kazi juani, kisha punguza saa mbili kabla ya kulala. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha ni tamu, najua, lakini kahawa, chai ya rangi na bia humwamsha mtu. Ihamishie alasiri. Mwezi wa Ramadhani, kunywa vizuri mara baada ya kufuturu, pumzika kabla ya kulala, kisha malizia wakati wa daku.

*Kojoa mara mbili.* Ukimaliza usiondoke. Vuta pumzi, hesabu hadi thelathini, jaribu tena bila kujikamua. Wenye mkondo dhaifu wengi hutoa zaidi wakiwa wamekaa, kwa hiyo kukaa chooni si jambo la kumwonea mtu aibu.

*Matone ya mwisho.* Hili linawasumbua hasa wanaoswali, maana tone moja baada ya udhu linamrudisha mtu bombani. Baada ya kukojoa weka vidole viwili au vitatu nyuma ya korodani, bonyeza taratibu ukisukuma kuelekea mbele, mara mbili au tatu. Unautoa mkojo uliobaki kwenye mrija. Kama matone hayakatiki kabisa, mpelekee daktari suala la mwili, na sheikh wako umuulize la ibada.

*Choo kigumu.* Utumbo uliojaa huibana njia ya mkojo. Mboga za majani, maharage, papai, maji.

*Dawa za mafua.* Hapa nataka usimame. Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa bila cheti vina dawa inayokausha kamasi au ya mzio yenye usingizi, na zote mbili zinaweza kuufunga mkojo wa mtu mwenye tezi iliyokua. Mtu anameza vidonge viwili jioni, alfajiri yuko hospitali. Ukinunua dawa ya mafua, sema: “Nina shida ya tezi dume.” Kama unaona haya mbele za watu dukani, andika kwenye karatasi uisogeze.

*Safari.* Kojoa kabla ya kupanda, omba kiti cha mbele, mwambie kondakta mapema kwamba wewe huchukua muda. Usijizuie kwa saa nyingi, kwani kibofu kilichojaa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kusukuma.

Kitambi, sigara na kukaa tu mchana kutwa haviisaidii tezi wala moyo. Tembea nusu saa kwa siku. Hilo halihitaji maelezo marefu.

KISANDUKU: Magome, mbegu na chupa za barabarani

Kwenye misitu ya milima yetu, Mlima Kenya na Kilimanjaro ikiwemo, kuna mti ambao Wakikuyu huuita muiri. Wataalamu wanauita *Prunus africana*. Ulaya imetengeneza dawa ya tezi kutokana na magome yake tangu miaka ya 1960, na miti ilichunwa mpaka ikabidi mwaka 1995 biashara yake iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Tafiti fupi zilionyesha nafuu ya kiasi kwa dalili za mkojo. Hakuna uthibitisho kwamba unatibu saratani. Na unga uliomo kwenye chupa iliyotumika, unaouzwa stendi na mtu mwenye kipaza sauti, hakuna anayejua ni wa mti gani wala umechanganywa na nini.

Vidonge vya mchikichi mdogo wa Marekani, vinavyotangazwa sana mitandaoni, vilipimwa kwa umakini na matokeo kutolewa mwaka 2006 na 2011: havikuzidi kidonge kisicho na dawa. Vitamini E ilipimwa kwa wanaume zaidi ya 35,000 ikitarajiwa kuzuia saratani. Mwaka 2011 ilionekana waliomeza walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiomeza. Nyanya na mbegu za maboga ni chakula kizuri. Kula kama chakula.

HATARI: Nenda hospitali leo, si kesho

- Mkojo umegoma kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma. Usinywe maji zaidi ukidhani yatasukuma, unaongeza mzigo.
- Homa na kutetemeka pamoja na shida ya mkojo.
- Damu kwenye mkojo, hasa yenye mabonge.
- Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi. Hii inaweza kuwa saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.
- Mkojo unaotiririka wenyewe usiku kwa mtu aliyekuwa akikojoa kwa shida. Watu hufikiri kapona, kumbe kibofu kimefurika na figo ziko hatarini.

Hatua ya tatu: kliniki, na habari ya kidole

Tuseme ukweli. Wanaume wengi hawaogopi saratani kama wanavyokiogopa kidole. Vijiweni kinafanyiwa utani mpaka mtu anaona bora mgongo uume. Basi nikueleze kinavyofanyika. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Daktari anavaa glavu, anapaka kilainishi, anaingiza kidole kimoja, anagusa tezi kupitia ukuta wa mbele. Anatafuta ukubwa, ulaini, na kama kuna sehemu ngumu. Haifiki dakika moja. Una haki ya kuomba daktari wa kiume, na ya kusema “subiri kidogo.” Mke wako amejifungua mbele ya watu, hili utaliweza.

Kipimo kingine ni cha damu, kinaitwa PSA. Kwa kuanza kinatosha sehemu nyingi, na anayekikataa kidole asikose vyote viwili. Ila kina mambo yake:

1. Usitoe shahawa wala kuendesha baiskeli kwa saa 48 kabla ya kipimo.
2. Kama umekuwa na uambukizo wa mkojo, ngoja wiki 6 baada ya kupona.
3. Taja kama umewekewa mpira karibuni, au kama unameza finasteride, dawa ya kupunguza tezi. Dawa hiyo hushusha PSA kwa karibu nusu, na daktari asiyejua atadanganyika.
4. Chukua majibu kwa maandishi, uyatunze. Mwendo wa namba mwaka hadi mwaka una maana kuliko namba moja.

Namba ya 4 ndiyo iliyozoeleka kuwa mpaka, lakini si hukumu. Kati ya wanaume wanne wenye PSA ya 4 hadi 10, kwa kawaida mmoja ndiye anayekutwa na saratani. Tezi iliyokua tu nayo huipandisha. Hatua inayofuata huwa ni kurudia kipimo, kisha picha, na ikibidi kuchukua vinyama. Aliyekuambia “PSA iko juu, una saratani” kaharakisha.

*Uanze lini?* Miongozo mingi husema mazungumzo na daktari yaanze miaka 50. Kwetu sisi watu weusi ni 45, na mapema zaidi, miaka 40, kama ukoo una wagonjwa zaidi ya mmoja. Nchini Marekani, ambako takwimu zimetunzwa muda mrefu, wanaume weusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wazungu. Baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua huongeza hatari yako takriban maradufu. Uliza pia upande wa mama: ukoo wenye saratani nyingi za matiti unaweza kuwa na kasoro ya urithi inayowagusa na wanaume. Ukivuka 70 na huna dalili, kipimo si cha kukimbilia. Saratani nyingi za umri huo huenda polepole, na tiba nayo ina bei yake: mkojo kuvuja, nguvu za kiume kupungua.

Kugundulika si kuaga. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997 akafariki 2021. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 waliogundulika mapema, wengine wakifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakichunguzwa tu kwa karibu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 kati ya 100, na makundi hayakutofautiana sana. Siri yao ilikuwa neno moja: mapema.

Ukiandikiwa dawa au kupangiwa upasuaji

Tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu. Nafuu huanza ndani ya siku au wiki chache. Imeze baada ya mlo ule ule kila siku, na ukitoka kitandani kaa kwanza ukingoni, maana kizunguzungu kimewaangusha wengi. Shahawa zinaweza kupungua au kutotoka, si hatari. Ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia au uliwahi kuitumia. Na usiichanganye na vidonge vya nguvu za kiume vya mtaani: presha huweza kuporomoka.

Finasteride huipunguza tezi yenyewe, lakini polepole. Ipe miezi 6 kabla ya kusema haifanyi kazi. Yaweza kupunguza hamu ya tendo. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Upasuaji wa siku hizi kwa tezi nyingi ni wa kukwangua kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kukata tumbo. Tezi kubwa sana bado hupasuliwa. Kabla hujasaini, uliza:

- Kifaa cha kukwangua kipo hapa, au nipewe rufaa?
- Bima yangu inalipia nini, na ndugu wangapi waje kuchangia damu?
- Nitakaa na mpira siku ngapi?
- Tendo la ndoa litaathirika vipi? (Kwa kukwangua, shahawa kurudi kibofuni ni kawaida, uume kusimama kwa wengi hubaki kama ulivyokuwa.)
- Nyama iliyotolewa itapimwa maabara? Sisitiza hili.

Mpira ukiwepo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu daima, hata kwenye daladala, na usiburuzwe sakafuni.

Jambo moja watu hawaambiwi: kukwanguliwa tezi iliyokua huondoa sehemu ya ndani. Ganda la nje linabaki, na saratani hupenda pale pale. Aliyefanyiwa upasuaji huo miaka kumi iliyopita bado anahitaji PSA.

Ukipata majibu ya saratani, andika tarehe na umri wako siku hiyo, kisha waite wanao wa kiume na wadogo zako uwasomee. Daktari wao atawauliza baba au kaka aliugua akiwa na miaka mingapi, na wengi huwa hawana jibu.